Juma Moja Liwatoni kwa Hesabu ya Maji

Aliyezizoea siku za wiki tangu utotoni hana haja ya kuzifasiri, na aghalabu huzitaja kama atajavyo majina ya nduguze, bila ya kuuliza nani aliyewapa. Lakini mgeni mmoja aliyekuwa akijifunza Kiswahili aliniuliza siku moja, nami nikababaika, iweje wiki moja iwe na siku mbili za tano, maana Jumatano ni ya tano kwa Kiswahili, na Alhamisi nayo ni ya tano kwa Kiarabu. Jawabu nililompa ni kwamba sisi tuliianza hesabu yetu kesho yake ya Ijumaa, tukaiita siku hiyo ya mosi, kisha tulipofika tano tukachoka, au tuliona Ijumaa imekaribia, tukaziazima mbili zilizosalia kwa Waarabu, nao wakatupa pamoja na hesabu yao ndani yake. Sijasikia mtu wa Mvita aliyekosa miadi kwa sababu hiyo. Nimelitaja jambo hili kwa kuwa nilipoazimia, wiki iliyopita, kuandika kila siku jambo moja au mawili niliyoyaona katika mtaa wetu wa Liwatoni na katika matembezi yangu ya kisiwani, niliona vema kuianza wiki pale walipoianza wazee, yaani Jumamosi; na nilipoianza hapo nikakuta kuwa ni siku ya bamvua, mwezi ukiwa ni wa kumi na tano, na kwamba kwa muda wa siku saba zile karibu kila nilichokitazama kilikuwa kikienda kwa saa mbili, ya ukutani na ya maji.

Liwatoni ni kipande cha ufuo wa kisiwa cha Mombasa upande wa kusini-magharibi, kati ya kivuko cha Likoni na bandari ya Kilindini, mahali ambapo mlango wa bahari ni mwembamba hata mtu wa ng'ambo akiwasha makaa ya kuchomea mahindi waweza kuuona moshi wake na kujua upepo waendako. Wengi hulijua jina hili kwa ajili ya gati yake ya samaki, na wengine hukumbuka kwamba hapo ndipo kikosi cha Walinzi wa Pwani wa Kenya kilipozinduliwa mwezi wa Novemba mwaka 2018. Wachache ndio wajuao kwamba hapo pia kimewekwa kipimo cha maji ya bahari, chombo ambacho tangu miaka ya 1980 hakina kazi nyingine ila kuandika, usiku na mchana, bahari imepanda kiasi gani na imeshuka kiasi gani. Ni karani asiyeomba ruhusa wala asiyechelewa kazini, na hesabu zake husafiri mbali, zikasomwa na wataalamu ambao hawajapata kuikanyaga Mombasa.

Mtaa, hata hivyo, una karani wake mwingine. Ni mzee mmoja mwenye mtumbwi mdogo wa kuvulia, mtu wa maneno haba, ambaye kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri huketi juu ya jiwe lile lile na kuitazama bahari kwa macho ya mtu anayemtazama mdeni wake. Chombo chake ni mwezi. Akijua mwezi ni wa ngapi amejua kila kitu, kwani katika pwani hii siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi na hupwa kiasi cha saa nne, mchana kama usiku, kisha kila siku ipitayo huchelewa kwa robo tatu ya saa na ziada kidogo, mpaka yanapofika maji mafu mambo yote yamepinduka. Jumamosi ile nilimpitia mapema.

“Sabalkheri, ami.”

“Sabalkheri, mwanangu. Wambaje?”

“Ni kwema. Maji yaendaje?”

“Yapwa. Saa nne yatakuwa makavu, na nanga yangu itaonekana.”

Habari za nanga hii zilikuwa ngeni kwangu. Akanieleza kwamba mwezi uliopita, usiku wa upepo mkali, kamba yake ilikatika, mtumbwi ukaokolewa na jamaa wa ng'ambo, na nanga, ya chuma, ya meno manne, ikabaki chini penye mwamba ambao haufunuliwi ila na bamvua kubwa. Basi alikuwa akihesabu siku tangu hapo. Na kweli, saa nne ilipokaribia, tuliliona jino lake moja likichomoza katika tope, lenye majani ya bahari, kama kidole cha mtu anayeomba kusema. Mzee alikwisha kukunja kikoi chake apate kuteremka, ndipo alipokuja kijana mbio kutoka upande wa Majengo na kumwambia kuwa fulani amefariki na mazishi ni baada ya adhuhuri. Mzee alikikunjua kikoi. “Maiti hangoji,” akasema, “nanga yangoja,” akaenda zake kuoga.

Nami nikaenda kivukoni, kwa kuwa maji makavu namna ile yana mandhari yake. Bahari ikipwa, feri hushuka nayo, na nchi kavu hubaki pale pale. Ule mlango wa feri, ambao maji yakijaa hulala sawasawa kama mkeka, huinama mfano wa paa la makuti, na hapo ndipo uwaonapo madereva wa malori wakiteremka, wakichutama kutazama chini ya gari zao, wakisemezana na mabaharia kwa mikono, ilhali wenye gari ndogo za tumbo la chini wamefunga vioo na midomo yao yatikisika. Mtu wa miguu huvuka bure na mwenye gari hulipa, na hii ndiyo saa pekee ya wiki ambayo sijapata kumwona mtembea kwa miguu akimhusudu mwenye gari. Lori moja liligusa chini kwa sauti ya kukwaruza iliyotufanya sote tukunje meno. Dereva alishuka, akatazama, akapanda tena, na aliyekuwa nyuma yake, ambaye sekunde chache kabla alikuwa akipiga honi kama mwenye wazimu, akanyamaza, akaanza naye kuutazama mteremko ule kwa adabu.

Jumapili haina mengi. Jioni nilitembea hadi ufuo wa Mama Ngina, ambao tangu utengenezwe upya mwaka 2019 umepata sakafu na viti na taa, lakini mibuyu yake ni ile ile na wauza mihogo ni wale wale kwa tabia kama si kwa nyuso. Nilinunua mihogo ya kukaanga, ikapasuliwa, ikatiwa pilipili na ndimu, ikafungwa katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, na nilipoimaliza nikajikuta nasoma hesabu za mtoto nisiyemjua. Alikuwa amepata tano katika kumi. Ile ya saba, ya kugawanya, alikuwa ameifanya vizuri mpaka mstari wa mwisho, kisha akasahau kuandika baki, na mwalimu akapiga kalamu nyekundu bila ya huruma; nami nilisimama pale, meli ya makontena ikipita karibu hata watoto wakawapungia mabaharia mikono, nikimtetea moyoni mtoto yule mbele ya mwalimu wake. Kila wiki katika mji huu madaftari mangapi huishia katika mihogo na njugu, na ni siri ngapi za shule zisizowahi kufika nyumbani ambazo hufika hapo ufuoni.

Jumatatu niliamka saa kumi na moja ili niwaone watu wakivuka. Nilipanda feri ya kwenda Likoni, iliyokuwa karibu tupu, kwa sababu asubuhi mji wote wa ng'ambo huja kisiwani na hakuna aendaye kinyume ila wachache, kisha nikarudi nao. Asiyepata kusimama katika lile banda la kungojea, lango likiwa limefungwa na feri ikionekana yaja polepole, hawezi kujua ni ukimya wa namna gani unaoweza kutoka kwa maelfu ya watu; si ukimya wa kusikiliza, bali ni wa watu wanaopima. Kila mmoja amejua mahali pake: wako wanaotaka kusimama mbele wapate kutoka wa mwanzo, wako wanaotaka ubavuni wapate hewa, na wako akina mama wenye watoto ambao hutafuta nguzo ya kuegemea na kumshika mtoto kwa mkono mmoja hata kama mtoto mwenyewe ni mkubwa na aona haya. Feri ilipoondoka, mzee wa kike aliyekuwa kando yangu alisoma kitu kwa sauti ya chini. Watu wa umri wake hawajaisahau tarehe 29 Aprili mwaka 1994, feri ya Mtongwe ilipozama katika mlango huu huu na wakafa watu zaidi ya 270, wengi wao wakiwa ni watu wa kwenda kazini asubuhi kama hawa.

Lakini jambo nililolifuata Jumatatu ile lilikuwa dogo zaidi. Upande wa kisiwani, watu wakishateremka na kuupanda ule mlima, pana kiukuta kifupi, na hapo kila siku hufanyika badiliko ambalo sijaona likiandikwa. Akina dada waliovuka kwa ndara huketi, hupangusa miguu kwa kitambaa, hutoa kikapuni viatu vya kazini, vyeusi, vilivyopigwa rangi, wakavivaa, na ndara zikaingia kikapuni mahali pa viatu. Yote hayo kwa muda usiofika dakika moja, huku wakiendelea na mazungumzo. Aketiye ni mmoja, anyanyukaye ni mwingine: hatua imebadilika, shingo imenyooka, na hata sauti ya kumwita makanga wa matatu ni ya mtu wa ofisini. Nilimwuliza mmoja wao, aliponiona natazama nikalazimika kujieleza, kwa nini havai viatu vyake tangu nyumbani. “Kaka,” akaniambia, “viatu hivi ni vya kisiwani. Ng'ambo vaenda kufanya nini?”

Palipata kuwa na siku ambapo watu hawa hawakuipanda feri, wakatembea juu ya maji. Tarehe 1 Januari mwaka 2021, wakati wa maradhi ya korona, ilipoonekana kwamba kuwasonganisha watu katika feri ni hatari, lilifunguliwa daraja linaloelea la kutoka hapa Liwatoni hadi Ras Bofu upande wa Likoni, la waenda kwa miguu tu, lililogharimu kiasi cha shilingi bilioni 1.9. Lilifungwa kwa watu na kufunguliwa kwa meli kwa zamu, watu wakipewa asubuhi na jioni, na meli zikipewa saa zilizobaki, kwa kuwa hazikuwa na njia nyingine ya kuingia Kilindini. Nakumbuka sauti yake alfajiri, nayo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha: si sauti ya watu, kwani saa hizo hakuna asemaye, bali ya nyayo, maelfu kwa maelfu, mfano wa mvua ya masika juu ya mabati ya jirani. Halikukaa sana. Sasa hakuna nyayo, na ajabu ni kwamba katika wiki za mwanzo nilikuwa nikiamka kwa kukosa kelele.

Wazee waliliona daraja lile bila ya kustaajabu, kwa maana walikwisha kuona jingine. Mwaka 1931 Mombasa ilipata daraja la kuelea la Nyali, lililobebwa na maboya, ambalo watu waliliendea kwa malipo kwa karibu miaka 50, mpaka mwaka 1980 lilipojengwa hili la saruji tulijualo leo. Miaka 90 kamili, basi, imetenganisha daraja la kuelea la upande mmoja wa kisiwa na la upande wa pili; na kati ya hayo mawili yamepita maneno mengi juu ya daraja kubwa la kudumu la Likoni, ambalo limechorwa na kuzungumziwa tangu mimi sijaota ndevu. Nadhani lile la kuelea lilitusaidia angalau kujua kuwa bahari yaweza kuvukwa kwa miguu, na kwamba mwenye kupita juu yake huangalia saa ya meli kama mvuvi aangaliavyo saa ya maji.

Jumatatu hiyo hiyo mzee hakuiendea nanga. Matanga yalikuwa hayajaondolewa.

Jumanne bomba letu halikutoa maji. Tumezungukwa na bahari pande zote, na maji tunywayo hutoka mbali mno na bahari: mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu huchujika chini kwa chini katika mawe ya volkano, ikatokea katika chemchemi za Mzima huko Tsavo, na kutoka hapo, tangu mwaka 1957, husafiri ndani ya bomba mwendo wa kilomita zaidi ya 200 kuja pwani. Yakikatika njiani, safari ya mwisho hufanywa na mkokoteni. Mwenye mkokoteni wetu ni kijana mrefu ambaye huipanga mitungi yake ya lita ishirini safu kwa safu kama mpanga vitabu, na huja akipiga mmoja mtupu kwa kiganja, pigo mbili na kimya, mbili na kimya, na kila nyumba hujua bila ya kuchungulia. Yeye hana bei moja. Ana bei ya maji matamu na bei ya maji ya kisima, ambayo ni ya chumvi na ni ya kufulia. Kisha ana bei ya chini, ya ghorofa ya kwanza, ya pili, na ya tatu ambako mimi nakaa. Nilipomlalamikia juu ya tofauti hiyo alinijibu kwa upole mkubwa kwamba yeye hauzi maji ya ghorofa ya tatu. Yeye auza maji, na ngazi ni zangu. Nikanywea.

Nilipokuwa dirishani nikimngoja apande mara ya pili, niliwatazama kunguru. Hawa wetu, wenye shingo ya kijivu, si wenyeji: waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka za mji, wakaifanya kazi hiyo kwa bidii iliyopita kiasi, na kufika miaka ya 1940 walikuwa wamekwisha kuingia Mombasa, ambako hakuna aliyewaita. Mmoja alikuwa amepata mkate mkavu. Hakuula. Aliushika mdomoni, akaruka mpaka kwenye beseni lenye maji machache niliyoyanunua kwa bei ya ghorofa ya tatu, akauchovya, akaugeuza, akauchovya tena mpaka ukalainika, ndipo akala, kwa kituo, kama mzee achovyaye hamri katika chai. Sikuwa na moyo wa kumfukuza, ijapokuwa niliyamwaga maji yale.

Jumatano nilikwenda Mji wa Kale kwa tuktuk. Safari hii ya kutoka upande wa Kilindini hadi Ngomeni waliifanya wakubwa wa zamani kwa toroli, vijigari vya viti vyenye kivuli juu yake, vilivyokwenda juu ya reli nyembamba zilizotandikwa njiani, vikisukumwa na watu waliokimbia nyuma yake kwa miguu mitupu. Afisa wa serikali akiwa na toroli yake na wasukumaji wake waliovikwa sare, na hali ilikuwa hiyo mpaka motokaa zilipokuja kuziondoa, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Dereva wangu hakupata kuzisikia habari hizo, na nilipomsimulia alifikiri kidogo, akauliza, “Na mafuta hayakuwako, sheikh?” Nikamwambia hayakuwako. “Basi faida ilikuwa kwa nani?” Swali hilo sikulijibu, kwa kuwa tulikuwa tumefika Mtaa wa Biashara, na hapo mtu hawezi kujibu swali lolote kwa sababu ya makelele.

Mtaa wa Biashara ni mtaa wa leso, na leso ni kitu ambacho hutazamwa rangi kwanza kikasomwa baadaye. Zamani majina yake yalipigwa kwa herufi za Kiarabu, kisha yakaja haya ya Kizungu, na leso nyingi za hapa bado zina ile alama ya “Mali ya Abdulla”, ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza biashara Mombasa tangu karne ya 19. Niliingia duka moja nikisingizia kutafuta shuka. Palikuwa na mabibi wawili wa makamo, wenye mabuibui, na mbele yao gora la leso lililokwisha kufunuliwa nusu duka. Muuzaji, mzee wa miwani, alikuwa akizifungua moja moja bila ya kusema, na mabibi hawakuwa wakitazama maua wala pindo. Macho yalikwenda moja kwa moja pale penye jina, midomo ikatikisika, kichwa kikatikiswa, na leso ikasukumwa kando. Hata ikafunguliwa moja, ya rangi ya zambarau isiyopendeza hata kidogo, na yule mnene wao akaisoma, akamgonga mwenziwe kwa kiwiko.

“La, mwenzangu, hii itamuua.”

“Kwani nimeitakia nini?”

“Lakini rangi yake mbaya.”

“Rangi si yeye atakayeivaa. Nitaivaa mimi nikipita mlangoni kwake.”

Muuzaji aliikunja na kuifunga kwa uso usio na habari, uso wa kadhi anayesikiliza mashahidi, na nikawaza ni ugomvi wa nyumba ngapi umepita katika mikono ile miwili, umepimwa, umekunjwa, na umelipiwa. Jina lenyewe sikuliona. Nilijaribu kuinama, lakini yule bibi mwembamba alinitazama.

Usiku wa Alhamisi, ambao kwa hesabu ya wazee ni usiku wa kuamkia Ijumaa na kwa hiyo una heshima yake, nilialikwa barazani Kibokoni. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeandika gazeti lake la Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930 na kulifuatisha na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa akiwaasa watu wa mji juu ya uvivu na juu ya kuiga yasiyo na manufaa, na sina hakika kwamba angeridhika na baraza ile, ambapo wanne walikuwa wakicheza dhumna na sita wakiwaonyesha namna ya kucheza. Lakini alipita muuza kahawa, akigonganisha vikombe vyake kwa vidole vya mkono mmoja, dele la shaba katika mkono wa pili na makaa chini yake yakimetameta gizani, na kwa kitambo kile hapakuwa na mjuzi wala mjinga. Kila mtu alikuwa na kikombe cha kahawa tungu yenye tangawizi, na paka watatu chini ya baraza walikuwa wakingoja kitu ambacho kahawa haina.

Ndipo simu ya mmoja wetu ikalia. Ilikuwa ni sauti iliyorekodiwa, ya binamu yake aliyeko Maskat, na yeye, badala ya kuisikiliza peke yake, aliiweka juu ya sinia ya dhumna na kuipandisha. Binamu alisalimu. Barazani watu kumi wakaitikia salamu, kwa ukamilifu, kama kwamba yu mlangoni. Akauliza hali ya fulani, wakamjibu. Akauliza kama mvua imenyesha, wakamwambia haijanyesha, na mmoja akaongeza kuwa maji ya bomba pia hayajapatikana. Akacheka kwa jambo lake mwenyewe, wakacheka naye. Yule wa Maskat hakuwa akisikia hata neno moja, kwa kuwa maneno yake aliyasema mchana na kuyatuma, na hapakuwa na mtu barazani asiyelijua hilo. Bali aliposema “haya, kwaherini,” hakuna aliyekubali kuondokewa bila ya kuaga, na mzee mmoja aliyekuwa amechelewa kuinua kichwa alimgombeza mwenye simu kwa kuikata kabla hajamaliza kumwombea dua.

Ijumaa maji yalikuwa mafu. Yalijaa kiasi cha saa tatu asubuhi, bila ya nguvu, na yalikuwa yapwe kiasi cha saa tisa, bila ya nguvu vilevile. Kivukoni mlango wa feri ulilala vizuri kutwa, malori yakaingia na kutoka kama yaliyo katika barabara ya tambarare, na hakuna aliyesoma dua yake kwa sababu ya mteremko. Baada ya sala mtaa wote ulinukia biriani. Kanzu zilikuwa nyeupe, watoto wamevishwa kofia za vito zilizowazidi vichwa, na mmoja wao alikuwa akiirudisha yake juu kila hatua mbili, nayo ikimrudia machoni kila hatua mbili, mpaka babake akaivua akaitia mfukoni.

Nilimkuta mzee juu ya jiwe lake, kanzu yake bado mwilini. Mtumbwi ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kuazima katika jiwe lililotobolewa. Saa tisa ilikuwa imefika na maji yalikuwa yamepwa kadiri yatakavyopwa, na pale penye mwamba palikuwa na maji ya kijani, tuli, ya kimo cha mtu. Wala jino la nanga halikuonekana, wala majani yake.

“Jumapili ungeipata, ami,” nikamwambia. “Na Jumatatu.”

“Jumapili nilikuwa matangani.”

“Sasa hata lini?”

Akahesabu kwa vidole, akianzia kile cha mwisho. “Mwezi leo ishirini na moja. Ukiandama mpya, siku ya pili, ya tatu, maji yatakuwa makavu tena.”

Nikamwuliza kama haogopi kuwa mtu mwingine ataiona na kuichukua, au mkondo utaisogeza. Alinitazama kwa mara ya kwanza wiki ile kwa macho yale aitazamayo bahari.

“Mwanangu, hiyo ni nanga,” akasema. “Ikiwa yaweza kwenda, basi si yangu niliyoipoteza.”

Kisha akasogea, akanipa nafasi juu ya jiwe.